Ushahidi Tulioukalia

Kama hujawahi kukaa kwenye benchi letu, basi wewe bado hujakaa, umechuchumaa tu. Ni benchi la saruji, linatosha watu watano wanene au saba wenye adabu, limeegemea ukuta wa kinyozi na linatazama njia panda, kwa hiyo hakuna habari inayoingia mtaani bila kupita mbele ya magoti yetu. Mimi ndiye mwenye ncha ya kushoto. Natengeneza miavuli na mabegi, na kwa kuwa kila zipu iliyoharibika hufika kwangu, wakaniita Zipu. Wengine husema ni kwa sababu mdomo wangu ndio zipu pekee iliyonishinda kuifunga. Shule niliishia darasa la saba, lakini la saba la wakati wetu, mwalimu akikufundisha kitu unakijua mpaka mgongoni. Nayasema haya ili ujue unasimuliwa na nani, maana habari ya kesi ya Timazi inasimuliwa mtaani kwa namna nne, na tatu kati yake ni za watu ambao hawakuwepo. Ya nne ni yangu, na mimi nilikuwepo kiasi kwamba ushahidi wenyewe nilikuwa nimeukalia.

Timazi ni fundi mwashi. Tulimpa jina hilo kwa sababu ukuta wake haujui kuinama. Hesabu za tofali anazijua kuliko mimi, lakini herufi na yeye hawajawahi kusalimiana, kwa hiyo karatasi ikifika mbele yake anaibonyeza dole gumba, basi. Miezi minane iliyopita kaka yake, mtoto wa baba yake mkubwa, alikwenda mahakamani na hati. Hati ilisema kwamba Timazi, kwa hiari yake na akili zake timamu, amemwachia huyo kaka nyumba aliyorithi kwa marehemu baba yake. Hiyo ndiyo nyumba anayokaa mama yake mzazi mpaka leo. Chini ya maneno hayo palikuwa na alama ya dole gumba, nyeusi, imetulia kama mdudu aliyelala. Tangu siku hiyo mama yule alifungasha vyombo vyake kwenye maboksi akayapanga mlangoni. Alibakiza sahani moja na kikombe kimoja. Miezi minane anakula kwa sahani moja, anaosha, anairudisha juu ya boksi, anasubiri kufukuzwa.

Hukumu ilisomwa asubuhi ya siku ninayoisimulia. Nilikuwa benchi la mbele mahakamani, na hakimu aliniangalia mara mbili, ingawa mara ya pili ni kwa sababu simu yangu ililia. Timazi alishinda. Saa nane mchana tulikuwa tumerudi kijiweni, jua bado kali, Shangazi wa kahawa ameshatumiminia kabla hatujaketi vizuri. Tunamwita Shangazi ingawa ni mdogo kwetu sote, kwa sababu anatugombeza kama dada wa baba.

Aliyekuwa anang'aa kuliko mshindi mwenyewe ni Rufaa. Huyu ni mpiga chapa anayekaa nje ya mahakama, miaka ishirini anaandikia watu malalamiko yao, na kwa kushika makaratasi ya mawakili wengi anajiona wakili aliyekosa joho tu. Utetezi wa Timazi aliupiga chapa yeye, na nakala zote zilikuwa kwenye begi lake, ambalo zipu yake nimeibadilisha mara mbili. Pembeni yake alikaa Darubini, mtunza maabara wa shule ya sekondari. Kazi yake ni kuosha vichupa na kufungia watoto asidi kabatini, lakini hatembei bila kioo cha kukuzia mfukoni, na ukimwonyesha hata punje ya mchele ataipima kwanza ndipo akubali kuwa ni mchele.

Hawa wawili hawajawahi kukubaliana, na siku ile walianza mapema.

Darubini alisema wenzake wasijisahau, aliyeshinda kesi si wakili wala hakimu, ni ngozi. Na hapo alikuwa na hoja. Mtaalamu wa alama za vidole alipoitwa, alipaka wino madole gumba yote mawili ya Timazi akayabonyeza kwenye karatasi nyeupe, na kilichotokea ni madoa mawili laini kama alama ya kijiko. Hakuna hata mstari. Miaka ya kushika saruji na tofali imeisugua ngozi mpaka imekuwa kama sabuni iliyotumika. Yule mtaalamu akamwambia hakimu kwamba hawezi kusema dole la kwenye hati ni la Timazi, na hawezi kusema si lake. Akaomba fundi apumzike na saruji, mistari huota tena, halafu apimwe upya. Kesi ikaahirishwa mara mbili. Lakini fundi asiposhika saruji mama yake atakula nini? Alirudi kazini, vidole vikabaki laini. Mara ya tatu hakimu akakataa kuahirisha.

— Sasa hapo ndipo mahakama ilipokosea, alisema Darubini. Jambo halijajulikana, wao wanalifunga.

— Mahakama haifungi kisichojulikana, alijibu Rufaa. Inafunga kisichothibitishwa. Anayedai ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha. Ameshindwa kuubeba, aende zake.

— Lakini ukweli je?

— Ukweli umesomwa leo saa nne, ukagongwa mhuri. Kuanzia saa nne na robo, dole la Timazi halijagusa ile hati. Hata kama liligusa, halikugusa.

Darubini aliweka kikombe chini. Akauliza kama mahakama ikiamua maji yachemke bila moto, je, Shangazi aache kununua mkaa. Rufaa akamwambia wao watu wa vichupa ni wa kusubiri tu, leo wanasema kweli, kesho wanasema walikosea, keshokutwa wanaomba muda zaidi, na watu wana nyumba za kulala usiku huu huu. Darubini akasema bora kukubali umekosea kuliko kukosea kwa mhuri.

Niliona mjadala unakosa mtu mzito, nikaingia. Niliwaeleza kwamba mistari ya dole haipotei, inahama. Kila ukuta aliojenga Timazi umechukua mstari mmoja au miwili, kwa hiyo mtuhumiwa halisi ni mji mzima, na kama hakimu angekuwa na akili kama zangu angeamuru kuta zote zifike mahakamani na zije na vibaraza vyake. Rufaa alisema ukuta hauwezi kula kiapo. Darubini akasema, kwa mshangao wangu, kwamba wazo si baya sana ila mwenye wazo ndiye tatizo.

Tulicheka. Timazi hakucheka. Kahawa yake ilikuwa imeota utando.

— Timazi, nikamwambia, wewe ndiye umeshinda au ni sisi?

Alitazama viganja vyake. Huyu si mtu wa maneno, sentensi yake huja moja moja kama tofali linavyorushwa juu ya jukwaa.

— Mama ameniuliza asubuhi, akasema. Kabla sijaenda kusikiliza hukumu. Ameniuliza, mwanangu, wewe hukuibonyeza ile karatasi, sivyo? Nikamwambia sikuibonyeza.

— Ukamjibu vizuri, alisema Rufaa.

— Sijui kama nilimjibu vizuri. Sijui kama sikuibonyeza.

Hapo hata kinyozi ndani alizima mashine yake.

Ndipo tukaijua habari ambayo miezi minane hatukuijua, na mimi najiita mwenye njia panda. Tarehe ya ile hati ni siku mama yake alipopasuliwa tumbo. Hospitali ilileta karatasi nyingi: ya kulazwa, ya kukubali upasuaji, ya damu, ya vitu ambavyo mpaka leo havijui. Kaka yake ndiye aliyekuwa anazileta na kuzisoma, anamwambia bonyeza hapa, naye anabonyeza. Hakuzihesabu. Akili yake yote ilikuwa kwenye kitanda. Mahakamani aliulizwa kama anaitambua hati, akasema haitambui, na hilo ni kweli, hatambui karatasi yoyote duniani. Lakini kama ile hati ilipenyezwa katikati ya zile nyingine, basi mkono ni wake, na asubuhi ile alikuwa amemdanganya mama yake.

— Mama amelala sasa hivi, akasema. Tangu tumerudi. Mchana kweupe, mdomo wazi, kama mtoto. Mimi nimekaa namtazama nikashindwa, nikatoka.

Rufaa alimshika bega. Akamwambia, kwa sauti ya chini isiyo yake, kwamba hata kama alibonyeza, alidanganywa, na sheria inayo njia ya kumtetea mtu aliyedanganywa. Halafu akaongeza kuwa jambo limekwisha, asilichokonoe. Darubini alimshika bega la pili, akamwambia jambo halijaisha mpaka lijulikane, apumzike na saruji miezi miwili mitatu, mistari itaota, kioo anacho. Timazi akawa katikati yao, kila mmoja kamshika upande wake, kama mlango unaogombewa na mafundi wawili.

Shangazi alikuwa anasuuza vikombe. Hakuinua hata kichwa.

— Mnatafuta mistari ya dole la Timazi miezi miwili ya nini? Iko chini ya makalio ya Zipu.

Nilidhani ni tusi. Nikajiandaa kumjibu.

— Kila asubuhi nafuta benchi hili kabla hamjaja kulichafua, alisema. Pale kwenye ncha yake pana kishimo cha dole. Kahawa ikimwagika inatuama humo. Nani alijenga hili benchi?

Tulimgeukia Timazi. Timazi aligeukia benchi kama mtu aliyekutana na picha yake ya utotoni. Alilijenga yeye, miaka kumi na sita iliyopita, kazi yake ya kwanza tangu aache kuwa msaidizi wa fundi. Enzi hizo alikuwa na mtindo wake: kazi ikiisha, saruji ya juu ikiwa bado mbichi, anabonyeza dole pembeni, ndiyo saini yake. Aliacha miaka mingi iliyopita, baada ya kuona dole linatoa shimo tu lisilo na sura.

Niliombwa kuinuka. Niseme ukweli, niliinuka kwa heshima zote, maana si kila mtu huamriwa asimame kwa ajili ya haki. Niliondoa gunia langu la mabegi, nikaondoa mto wangu, na pale pale, mahali ambapo mimi nimekaa tangu benchi halijapata mikwaruzo, palikuwa na kishimo. Darubini alipiga magoti. Alikisafisha kwa kona ya leso, akapuliza, akaweka kioo.

— Ipo, akasema.

— Nini ipo?

— Mistari. Imelindwa. Jua halikuipata, mvua haikuipata.

Hapo nilimkumbusha nani aliyeilinda, na kwa kiungo gani, lakini hakuna aliyeniandikia shukrani.

Timazi alisimama mbali, mikono nyuma. Nilimwona anaondoka hatua moja, anarudi hatua moja. Rufaa alimwambia bado hajachelewa, anaweza kuniambia nikae tena na dunia ikaendelea. Wala hakusema hivyo kwa mzaha. Timazi alitikisa kichwa.

— Angalieni, akasema. Mimi nimeshamwambia mama. Sasa nataka kujua nimemwambia nini.

Shangazi aliinamisha birika akamimina masimbi ya mwisho, ule unga mzito wa chini, ndani ya kishimo. Darubini akausambaza kwa kidole, akafuta juu kwa kipande cha karatasi, na weusi ukabaki ndani ya mistari. Rufaa alifungua begi. Zipu ilifunguka laini, naliweka hilo kwenye kumbukumbu. Akatoa nakala ya hati, akailaza kwenye benchi kando ya kishimo.

Sikuhitaji kioo. Dole la kwenye hati mistari yake ilizunguka, ikazunguka, kama konokono. Dole la kwenye benchi mistari yake ilipanda, ikapinda juu kama tao la mlango, ikashuka ilikotoka. Darubini alikagua mara tatu, kisha akatuzungusha sisi wote upande mwingine tukague pia, kwa sababu macho yake peke yake hayaamini.

— Si lile, akasema. Dole haliwezi kubadilika kutoka tao likawa konokono. Hata uishi miaka mia.

Mimi nilirusha mto wangu juu. Rufaa alianza kusema kwamba ndivyo alivyosema tangu mwanzo, Darubini akaanza kusema kwamba hakuna aliyejua mwanzo, na wakakumbatiana hapo hapo huku bado wanabishana. Timazi alikaa chini kwenye ukingo wa barabara. Alifunika uso kwa vile viganja vyake vya sabuni, mabega yakawa yanashuka taratibu, kama mtu anayetua ndoo zilizomchosha.

Wakati huo alikuwa amesimama mama mmoja mgeni, ana vumbi la chokaa kwenye kanga. Ukuta wa jiko lake ulikuwa umeanguka nusu, akaelekezwa kwa fundi wa benchini. Alikuta wazee wazima wamepiga magoti mbele ya kishimo cha kahawa, akangoja kwa adabu, akasimuliwa na kila mtu kwa mpigo mmoja. Aliinama akaangalia hati, akaangalia benchi.

— Hiki cha benchini ni cha mkono gani?

— Kushoto, alisema Timazi kutoka ukingoni. Mwiko unakuwa kulia. Nabonyeza kushoto, siku zote.

— Na hiki cha kwenye karatasi ni cha mkono gani?

Rufaa alishika hati. Akaisoma juu, akaisoma chini, akaigeuza. Iliandikwa dole gumba la mtoaji, basi. Alitafuta kwenye utetezi aliouchapa mwenyewe, kurasa kumi na moja, hakuna mkono. Darubini alifungua mdomo kuelezea kuhusu mtaalamu, akakumbuka kwamba mtaalamu alipima yote mawili, na yote mawili yalikuwa doa, kwa hiyo hakuwa na sababu ya kuuliza. Hakimu hakuuliza. Wakili wa kaka hakuuliza. Mimi ambaye nina maoni juu ya kila kitu nilijikuta natafuta sindano yangu iliyodondoka, na haikuwa imedondoka.

— Dole la kulia na la kushoto la mtu mmoja huweza kutofautiana, alisema Darubini polepole. Moja tao, jingine konokono. Inawezekana.

Swali hilo hakuna aliyekuwa ameliuliza. Miezi minane, wakili mmoja, mtaalamu mmoja, hakimu mmoja, na sisi, ambao ni sawa na mahakama tatu.

Timazi alikuwa bado amekaa ukingoni. Alikuwa amenyoosha mikono yote miwili mbele yake, anaitazama kwa zamu. Mkono wa kulia aliufumba, akaufumbua, akaufumba.

— Wa kulia haukuwa wangu siku ile, akasema.

Hatukumwelewa.

— Mkono wa kulia alikuwa nao mama. Aliukamata tangu tulipompakia kwenye gari, akaubana, hakuuachia mpaka walipomwingiza chumba cha upasuaji. Vilinifa ganzi vidole. Nesi alimwambia mwachie mwanao aweke alama, akakataa. Nikawa naweka kwa kushoto. Kaka ndiye aliyekuwa ananishikia kile kidau cha wino, kwa sababu nilikuwa na mkono mmoja tu.

— Karatasi zote?

— Zote, kwa hili hili dole la tao. Mama alipoingizwa ndani, kaka alikuwa ameshaondoka na makaratasi yake. Tangu siku hiyo sijabonyeza kitu mpaka naitwa mahakamani.

Niliwaangalia wale wasomi wangu wawili. Rufaa alikohoa, akasema kwa masikitiko kwamba maelezo hayo hayakutolewa wakati wa shauri, kwa hiyo kisheria hayapo. Darubini akasema ni kumbukumbu ya mtu mmoja, ya mara moja, haiwezi kurudiwa ikapimwa, kwa hiyo kitaalamu bado ni dhana. Ilikuwa mara ya kwanza kuwasikia wanakubaliana, na walikubaliana kuikataa habari pekee ya kweli tuliyoisikia mchana kutwa.

Timazi alicheka. Alicheka mpaka akashika mbavu.

— Basi kaeni bila hiyo, akasema. Mimi inanitosha.

Alisimama, akakung'uta suruali. Yule mama akamuuliza kuhusu ukuta wake wa jiko.

— Kesho asubuhi na mapema, mama yangu. Uniwekee maji na mchanga. Leo nina maboksi ya kufungua. Akiamka nataka akute sahani zote kabatini.

Akaondoka, mkono wa kulia mfukoni kama mtu aliyebeba kitu. Shangazi aligeuza birika juu chini kutuonyesha kwamba hata masimbi yameisha, tena yameishia kwenye benchi, kwa hiyo tuondoke na ubishi wetu. Nikarudisha gunia, nikarudisha mto. Ila tangu siku hiyo sikai tena ncha kabisa. Nimesogea kidogo kulia, kiasi cha dole gumba.